Konokono saba wa Pemba na mnyoo aliyepewa jina lisilo lake

Novemba 2016, wakati wa mvua za vuli, konokono 1,317 wa maji baridi walikusanywa katika kisiwa kizima cha Pemba. Kazi yenyewe wanaoifanya wanaijua: unachota kwenye vijito, madimbwi na mabonde ya mpunga, unamweka kila konokono kwenye kisahani chake chenye maji safi, unavipeleka visahani kwenye mwanga, halafu unangoja. Kati ya wote hao, konokono saba walitoa sekaria, yaani viluwiluwi wa mnyoo wanaotoka kwa konokono na kupenya ngozi ya anayeingia majini, na watano kati ya hao saba walitoka mahali pamoja.

Aliyefanya kazi ya kichocho Zanzibar asingeona haja ya kuuliza sekaria hao ni wa nani. Tangu tuanze kazi tumefundishwa kwamba visiwani kuna mnyoo mmoja tu wa kichocho, Schistosoma haematobium, anayekaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu cha mkojo na kumfanya mtoto akojoe damu. Konokono wake ni Bulinus. Ukiona Bulinus anatoa sekaria mwenye mkia wa panda, unaandika kichocho kwenye daftari na unaendelea na kisahani kinachofuata. Ndivyo walivyodhaniwa hao saba pia, mpaka vinasaba vya sekaria wao viliposomwa. Wale watano wa mahali pamoja hawakuwa wamebeba mnyoo wa binadamu. Walikuwa wamebeba Schistosoma bovis, mnyoo wa ng'ombe.

Kisa hiki nimekirudia mara nyingi mbele ya vijana wanaoanza kazi ya maabara, na kila mara naona wanataka kukipita haraka, kama kosa dogo la kuandika jina. Mimi sikubali. Katika kisiwa ambako ugonjwa umebaki kidogo, kujua huyu ni mnyoo gani ndiko kunakoamua nani ameze dawa, maji gani yatiwe sumu ya konokono na lini tuseme kichocho kimekwisha.

Tulikotoka

Miaka ya 1980, kwa mtoto wa kiume wa Pemba kukojoa damu hakukuwa jambo la kumpeleka hospitali. Wazee wengi waliliona kama sehemu ya kukua. Mwaka 1986 ulianza mpango wa kudhibiti kichocho kisiwani: watoto wa skuli walipimwa damu kwenye mkojo kwa vijiti vinavyobadilika rangi, na walioonekana nayo wakapewa dawa ya prazikwanteli. Kipimo kilikuwa rahisi na rahisi kufundisha, na kilifanya kazi kwa sababu ugonjwa ulikuwa mwingi. Katika skuli ambayo nusu ya watoto wanaumwa, kijiti kikionyesha damu huhitaji kubishana nacho.

Kisha dawa zikagawiwa kwa miaka mingi, baadaye si skuli tu bali kwa jamii nzima. Kuanzia 2012 Unguja na Pemba ziliingia kwenye kazi kubwa ya kujaribu kukata kabisa maambukizi: watu walipewa dawa mara mbili kwa mwaka, baadhi ya maeneo yakaongezewa kuua konokono kwa niklosamaidi, na mengine yakaongezewa elimu ya tabia kuanzia skuli hadi kwenye mabomba ya kufulia. Kichocho kikashuka. Kufikia wakati wa uchotaji ule wa Novemba 2016, sehemu nyingi za Pemba ugonjwa ulikuwa umebaki kwa watu wachache, na mayai kwenye mkojo wao ni machache.

Siku moja nikiwa kwenye bonde moja upande wa Wete, nimevaa buti za mpira na chujio langu la mpini mrefu, bibi mmoja aliyekuwa akifua aliniangalia kwa muda kisha akaniita. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akauliza: "Mwanangu, hao koa mwawatafutia nini? Watoto wetu hawakojoi damu tena." Alikuwa anasema kweli. Nikamjibu kwamba ndiyo sababu tunatafuta kwa koa, kwa kuwa kwa watoto hatuoni tena. Akatikisa kichwa, akaendelea na nguo zake. Maji yalimfika kwenye magoti.

Jibu nililompa ndilo msingi wa kazi yote ya kupekua konokono. Ugonjwa ukipungua kwa watu, chupa moja ya mkojo inaweza kuonekana safi ilhali mtu bado ana minyoo wachache, kwa sababu mayai hayatoki kwa wingi ule ule kila siku. Kwa hiyo tunamgeukia konokono atuambie kama maji bado yanapokea mkojo wenye mayai. Hoja ni nzuri, lakini ina sharti moja lililofichika ndani yake: kwamba konokono anapotoa sekaria, sekaria huyo ametokana na mkojo wa mtu. Novemba 2016 sharti hilo lilivunjika.

Kwa nini kila mtu aliamini ni mnyoo mmoja

Imani hiyo haikutokana na uvivu. Ilitokana na jiografia, na ilikuwa imethibitishwa kwa miongo kadhaa.

Bara ya Tanzania kuna kichocho cha aina mbili kwa watu. Kile cha tumbo, Schistosoma mansoni, kimejaa kando ya Ziwa Victoria na huhitaji konokono bapa aitwaye Biomphalaria. Huyo visiwani kwetu hana makazi, kwa hiyo mansoni anaweza kuja tumboni mwa msafiri lakini hapati pa kuendeleza kizazi. Kikabaki kichocho cha mkojo peke yake. Unguja nayo imegawanyika kwa namna ambayo mwalimu yeyote wa somo hili huipenda: kaskazini na katikati, sehemu za vijito kama Chaani, Kinyasini na Mwera, anaishi Bulinus globosus na kichocho kimekuwepo, kusini, kwenye mawe ya matumbawe yasiyo na mito ya kueleweka, anapatikana Bulinus nasutus na kichocho hakienei. Kutokana na ramani hiyo tukajifunza sheria mbili. Globosus anaambukiza, nasutus haambukizi. Na Bulinus akiambukiza, anaambukiza haematobium.

Pemba haikuikataa ramani hiyo waziwazi, lakini haikukaa ndani yake vizuri. Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde, maji yapo kila unapoteremka, na konokono wote wawili wanapatikana. Tena kisiwa hiki kimejaa ng'ombe wanaofungwa kwa kamba na kigingi, asubuhi kwenye majani ya ukingo wa bonde, mchana wanahamishwa hatua chache kufuata majani mapya. Mahali mama anapofulia na mahali ng'ombe anapokunywa mara nyingi hapapishani hata hatua kumi. Tulikuwa tukiwaona ng'ombe hao kila siku ya kazi. Kwenye fomu zetu hakukuwa na mahali pa kuwaandika.

Kumtambua konokono, kumtambua sekaria

Niseme kidogo jinsi utambuzi unavyofanyika, kwa kuwa hapa ndipo kisa kilipofungwa na ndipo kilipofunguliwa.

Ukimchota konokono, mshike kombe ncha ikiwa juu na mdomo wake ukikuelekea. Mdomo ukiwa upande wa kushoto, ni Bulinus. Ukiwa kulia, huenda ni Lymnaea au wengine wasiohusika na kichocho. Hilo hata mtoto wa darasa la nne anaweza kulifanya, na nimewahi kuwafundisha watoto wakalifanya vizuri kuliko baadhi ya wakubwa. Hatua inayofuata ndiyo ngumu. Globosus kwa kawaida ni mnene, mdomo mpana, ncha fupi. Nasutus ni mwembamba zaidi na ncha yake imechongoka. Lakini konokono mchanga wa globosus anaweza kuwa mwembamba, na wa bonde moja hafanani na wa bonde jingine. Kwa macho utapatia mara nyingi na utakosea mara nyingi vilevile. Jibu la uhakika linapatikana kwa kusoma kipande cha jeni cha mitokondria kiitwacho cox1.

Kwa sekaria mambo ni magumu zaidi. Chini ya hadubini, sekaria wa kichocho anajulikana: ni mrefu wa kiasi cha nusu milimita, ana kichwa kirefu na mkia mmoja unaogawanyika mwishoni kama panda ya manati, na huogelea mkia ukitangulia. Konokono wa aina moja hutoa minyoo ya aina nyingi, ya ndege, ya vyura na mingineyo, na panda hiyo ya mkia hukusaidia kuwatenga wengi wao. Dondoshea tone la iodini, anatulia na kushika rangi, unamhesabu. Ila sekaria wa haematobium na sekaria wa bovis, ukiwalaza bega kwa bega kwenye kioo kimoja, hakuna jicho linaloweza kuwatofautisha kwa uhakika. Wapo wanaotumia saa: bovis kwa kawaida hutoka mapema asubuhi, haematobium jua linapopanda kuelekea adhuhuri, ambao ndio muda watu wanapokuwa majini. Hiyo ni dalili nzuri ya kukutia shaka, lakini ukiwaacha konokono kwenye visahani siku nzima na kuja kuhesabu jioni, saa haikusaidii chochote.

Mayai ndiyo yanayojitaja wenyewe. Yai la haematobium lina umbo la yai na mwiba mfupi kwenye ncha moja, na linatoka kwenye mkojo wa mtu. Yai la bovis ni refu zaidi, limechongoka pande zote mbili, nalo linatoka kwenye mavi ya ng'ombe, kwa kuwa minyoo wake hukaa kwenye mishipa ya utumbo. Mtu aliyezoea hadubini hayachanganyi. Kwa hiyo katika mzunguko wote wa mnyoo, tumechagua kupima mahali penye ugumu mkubwa zaidi wa kumtambua, yaani ndani ya konokono, na tukapima kwa kipimo chepesi zaidi, yaani jicho.

Baadhi watasema: basi tumia kipimo cha vinasaba cha kawaida. Hapo pana mtego mwingine. Kipimo kinachotumika sana kumtafuta haematobium kwenye konokono hutafuta kipande kiitwacho Dra1, ambacho kimejirudia mara nyingi ndani ya mnyoo na kwa hiyo ni rahisi kukinasa hata akiwa mmoja tu. Ni kipimo chenye pua kali. Lakini Dra1 hakipo kwa haematobium peke yake; bovis, ambaye ni ndugu yake wa karibu, anacho pia. Maabara inayotumia kipimo hicho pekee ingewaita wale konokono watano kichocho cha binadamu, na ingewaita hivyo kwa kujiamini zaidi kuliko mtu wa hadubini, kwa sababu mashine imesema.

Kilichowaumbua ni kusoma mfuatano wa vinasaba kwenye sehemu mbili tofauti. Ya kwanza ni cox1 ya mnyoo mwenyewe, ambayo hurithiwa kwa mama pekee. Ya pili ni ITS, iliyo ndani ya kiini cha seli na hurithiwa kwa wazazi wote wawili. Sababu ya kutaka zote mbili ni kwamba haematobium na bovis wanaweza kuzaliana, na mtoto wa mchanganyiko anaweza kuonyesha cox1 ya mzazi mmoja huku ITS ikiwa na alama za mwingine. Kisiwa cha Corsica cha Ufaransa kilipata maambukizi ya kichocho mwaka 2013 kutokana na mchanganyiko wa namna hiyo hasa. Kwa konokono wetu watano, sehemu zote mbili zilitaja mnyoo yule yule: bovis. Na cox1 ya konokono wenyewe ikaonyesha ni Bulinus globosus. Ukawa ndio uthibitisho wa kwanza wa vinasaba Afrika Mashariki kwamba globosus anabeba bovis.

Hesabu iliyogeuka

Sasa tazama hesabu. Kabla ya kusoma vinasaba, Pemba ilikuwa na konokono saba wa kichocho kati ya 1,317, takriban mmoja kwa kila 188. Baada ya kusoma, wanaobaki upande wa binadamu ni wawili, takriban mmoja kwa kila 658. Na lile eneo moja lililoonekana kuwa kitovu cha kichocho kisiwani, lenye konokono watano, likawa si kitovu cha kichocho cha watu hata kidogo.

Mtu wa takwimu ataona tarakimu zimeshuka tu. Aliye kazini anaona kitu kingine. Timu ina gari moja, pampu chache za kunyunyiza, na siku za kiangazi za kuhesabika kabla mvua haijafanya njia za mabonde zisipitike. Kwa jina la kwanza, gari lingeelekea kwenye wale watano. Sheha angeitwa, watu wangepimwa mkojo, vidonge vingetolewa kwa kipimo cha miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, na baada ya miezi sita konokono wangetoa sekaria tena kama kwamba hakuna kilichofanyika, kwa kuwa ng'ombe hakumeza kidonge. Wakati huo huo, mahali wale wawili walipotoka, ambako kweli kuna mtu anakojoa mayai majini, pangesubiri zamu. Hasara ya jina baya ni hiyo, na inawafika watu wa shehia ya pili ambao hawakuhusika hata kidogo.

Nimefanya kosa hilo mwenyewe, kwa kiwango kidogo. Katika daftari zangu za miaka ya mwanzo kuna mistari mingi niliyoandika haematobium kwa mkono wangu baada ya kuona panda ya mkia tu. Sikuhifadhi sekaria hao kwenye karatasi maalumu ya vinasaba, kwa hiyo hakuna wa kuwarudia. Mistari ile haisahihishiki, na inaniuma kwa sababu mtu mwingine huenda akaitumia kuchora ramani.

Liko na la mbali zaidi. Pemba inatafuta siku ya kusema maambukizi yamekatika. Ukiamua kwamba ushahidi wa siku hiyo ni konokono wasiotoa sekaria wa Schistosoma, basi kwa kuwepo bovis siku hiyo haitafika hata kama binadamu wote wamepona, maana ng'ombe wataendelea kuijaza mito. Ukiamua kinyume, kwamba sekaria wanaoonekana sasa ni wa ng'ombe bila shaka na hawahusu Wizara ya Afya, utawaacha wale wawili. Nawasikia wenzangu wakielekea upande huu wa pili siku hizi, na unanitisha zaidi ya ule wa kwanza.

Ng'ombe

Bovis si mgeni bara. Iringa na kwingineko amejulikana kwa ng'ombe kwa muda mrefu. Pemba hupokea ng'ombe wa bara kwa vyombo vya baharini, na ng'ombe anaweza kubeba minyoo hii miaka mingi bila kuonyesha zaidi ya kukonda na kuharisha kunakoonekana kama shida ya malisho. Hakaguliwi mavi bandarini kwa ajili ya mnyoo huyu. Anateremshwa, anafungwa kwenye bonde, ananya karibu na maji. Mayai yanapasuka, viluwiluwi wa kwanza waitwao mirasidia wanatoka na wana saa chache tu za kumpata konokono. Akipatikana globosus, ambaye Pemba wamejaa, mirasidia mmoja huzaa ndani ya konokono maelfu ya sekaria.

Hilo linaleta jambo la tarehe ambalo wachunguzi wengi hulisahau. Konokono hatoi sekaria siku aliyoambukizwa. Hupita wiki nne, sita, hata nane kutegemea joto la maji. Kwa hiyo konokono anayetoa sekaria mwezi wa Novemba anakueleza habari za Septemba au Oktoba: nani alikojoa pale, au ng'ombe wa nani alifungwa pale wakati ule. Ukifika Novemba ukamkuta ng'ombe amefungwa ukingoni, huyo si lazima awe ndiye. Ukimkosa, haina maana hakuwepo. Unatakiwa kumuuliza mwenye bonde, na swali liwe la miezi miwili nyuma.

Wapo wanaoniuliza kama bovis anaweza kumuumiza mtu. Kwa kawaida ni mnyoo wa mifugo, na sekaria anayepenya ngozi ya mtu asiye mwenyeji wake anaweza kuacha muwasho na kuishia hapo. Wasiwasi mkubwa ni ule wa kuchanganyika. Tafiti za vinasaba zimeonyesha kwamba haematobium wa Niger wanabeba vipande vya jeni kutoka kwa bovis, vilivyoingia zamani na vikakaa, ilhali kwa haematobium wa Zanzibar waliolinganishwa nao vipande hivyo havikuwepo. Yaani mnyoo wetu alikuwa bado hajachanganyika. Sasa ndugu wawili wanaishi kwenye kisiwa kimoja, ndani ya konokono wa aina moja, na mtu na ng'ombe wanaingia maji yale yale. Ndiyo maana sikubali kazi hii iachwe kwa idara ya mifugo peke yake wala kwa idara ya afya peke yake. Daktari wa mifugo ana ng'ombe na mavi yake. Sisi tuna hadubini na konokono. Kumwagilia maji sampuli ya mavi, kuichuja na kuyatafuta yale mayai marefu ni kazi ya asubuhi moja, na ni rahisi mno ukilinganisha na kusoma vinasaba vya sekaria.

Kuua konokono kwa niklosamaidi kunawashughulikia wote wawili, hilo ni kweli, na wapo wanaosema basi jina la mnyoo lina faida gani. Lakini niklosamaidi inaua samaki na vyura pia, na wenye mabonde wanaona. Huwezi kunyunyiza kila kijito cha Pemba kila msimu. Unachagua. Na ukichagua bila jina, umechagua kwa bahati.

Baada ya hapo

Kazi iliendelea. Kati ya 2016 na 2018 maeneo 112 ya maji visiwani yalikaguliwa, 65 yakakutwa na Bulinus, konokono 11,116 wakachotwa. Konokono 510, wachache miongoni mwao wakiwa wa makumbusho, walitambuliwa kwa cox1: globosus 433, nasutus 77. Globosus wenyewe wakaonekana kuwa wa koo tatu, mbili zikiingiliana Pemba na moja Unguja, jambo linalotosha kukufanya uache kusema "konokono wa Zanzibar" kana kwamba ni mmoja.

Kwa Pemba, mpaka 2019, konokono 20 walioambukizwa walikuwa wametajiwa minyoo yao kwa vinasaba. Saba walikuwa na bovis, zaidi ya theluthi. Wale watano wa mwanzo kumbe hawakuwa ajali ya dimbwi moja. Kumi na watatu walikuwa na haematobium, na kati ya hao kumi na wawili ni globosus, kama tulivyotarajia.

Wa kumi na tatu alikuwa nasutus.

Nilisoma sentensi hiyo mara mbili. Nasutus, ambaye nimewafundisha wengine kwamba haambukizi, yule ambaye kusini mwa Unguja anakaa majini miaka yote na kichocho hakuna. Huko kusini sheria bado inasimama. Pemba imepata mmoja aliyeivunja, na haematobium wa visiwani wanaonekana kuwa wa makundi yenye asili mbalimbali, lile la bara na lile la visiwa vya Bahari ya Hindi, kwa hiyo haistaajabishi sana kwamba baadhi yao wanaweza kumtumia konokono ambaye wenzao hawamuwezi.

Zamani, nikimkuta nasutus kwenye chujio, nilikuwa namrudisha mtoni ili nisijaze kikombe. Sasa anaingia kwenye kikombe kile kile na globosus, na kibandiko cha kikombe nimekiongezea mistari. Mmoja ni wa jina la konokono, mmoja wa jina la mnyoo, mmoja unauliza kama kuna mavi ya ng'ombe ukingoni, na mmoja unauliza ng'ombe walifungwa pale miezi miwili iliyopita au la. Hii miwili ya mwisho naijaza pale pale bondeni, nikiwa nimemuuliza mwenye shamba. Ile miwili ya kwanza naiacha tupu mpaka maabara ijibu.